Mkunga na Jina Lililorukwa

Sogea karibu, msomaji, na kama kuna mtoto anayelia hapo ulipo, mtulize kwanza, kwa maana habari hii sipendi ikatizwe katikati. Nataka nikueleze juu ya mkunga wa mlima wetu, upande wa Gesima, ambako baridi ya asubuhi huingia mpaka kwenye meno. Usiwe na wasiwasi kama hujui mila za kwetu. Nitakwenda polepole, na penye jambo la kufafanua nitalifafanua.

Sitakuambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Yeye mwenyewe alisema mwanamke huzaliwa mara ya pili siku anapoingia boma la mumewe, na ile mara ya kwanza ni shauri la watu wengine. Jina lake pia nitaliacha. Sisi wake wa mlima tulimwita magokoro, yaani bibi. Wanaume walimwita mkunga. Wote tulimwogopa.

Nilimjua kwa pigo. Vita vile vikubwa vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na wanaume walikuwa wamerudi. Nami nilikuwa bibi arusi wa wiki tatu, nimetoka shule ya misheni na darasa langu la nne, najiona msomi. Asubuhi moja nilibeba mtungi kwenda mtoni, nikakata njia kupitia uwanja wa nyasi chini ya boma lake ili nifike upesi. Fimbo ilinipata nyuma ya magoti. Nilianguka, mtungi ukapasuka. Nilipoinua uso nikamwona mwanamke mfupi, mpana wa mabega, amesimama juu yangu akipumua kama ng'ombe aliyepanda mlima.

“Nani amelala hapo?” akaniuliza.

“Hapo wapi, magokoro?”

“Hapo ulipoanguka.”

Nikasema sijui. Akanipiga tena, safari hii begani.

“Hapo amelala Nyakundi. Alichomwa mkuki tumboni na wezi wa ng'ombe, akatembea ameshika matumbo yake kwa mikono miwili mpaka hapo, ili afe kwao. Na wewe unampita juu na mtungi! Sema jina lake.”

“Nyakundi.”

“Alikufaje?”

“Kwa mkuki. Tumboni.”

“Haya, inuka. Nitakupa mtungi wangu.”

Kweli alinipa, na ulikuwa mzuri kuliko ule wangu uliopasuka. Ndivyo alivyofundisha. Kwanza ulipata jeraha, kisha zawadi, na somo lilikaa katikati yake.

Sasa nikueleze kwa nini mkunga alishughulika na makaburi. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa wa ukoo wa baba yake. Mtoto mchanga akilia mchana kutwa na kukataa ziwa, watu husema kuna mfu anayetaka jina lake. Hapo mkunga humpakata mtoto na kuwataja wafu mmoja mmoja, kuanzia wa jana kurudi nyuma, mpaka yule wa kwanza kabisa aliyepanda mlima akiwa na shoka na kufyeka msitu. Mtoto akinyamaza kwenye jina fulani, basi hilo ni lake, wala hakuna awezaye kumvua, hata baba yake. Tena mkunga sharti ajue kila mmoja alikufaje, kwa sababu aliyekufa vibaya huchinjiwa mbuzi kwanza ndipo jina lake lipewe mtoto. Wazee wetu walijua majina ya baba zao. Yeye alijua majina pamoja na majeraha.

Ukimtajia mtu aliyekufa kwa kikohozi, alipunga mkono. “Huyo mpite tu. Hakumsumbua mtu.” Lakini ukimtajia aliyeangukiwa na mti, au aliyezama, au aliyepigwa na radi akiwa amebeba paa la nyumba, alikaa chini, akanyoosha miguu, na ukajua uji wako utaungua jikoni.

Habari aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwanamke mmoja wa zamani, mke wa mjukuu wa yule mwanzilishi wa mlima. Siku hiyo wezi wa ng'ombe walifika wanaume wakiwa mbali. Mwanamke alikuwa anasaga wimbi. Mwizi mmoja alijikunja kuingia mlango mfupi, kichwa kikitangulia. Mwanamke akakipokea kichwa kwa jiwe la kusagia. Akaja wa pili kumvuta mwenzake kwa miguu, naye akapigwa. “Halafu akaliosha jiwe,” mkunga alikuwa akimaliza, “akaendelea kusaga, maana watoto walikuwa na njaa.” Siku moja mama mkwe wangu alimwambia, “Magokoro, mwaka jana alikuja mwizi mmoja, mbona mwaka huu wamekuwa wawili?” Mkunga akamjibu, “Mwaka jana ulikuwa unanipa pombe ya maji nikachoka mapema.”

Habari moja hakuipenda. Aliisema mara moja tu, tukiwa tunapalilia, bila kuinua jembe. Bunduki za Wazungu zilipofika mara ya kwanza nchini kwetu alikuwa msichana. Kaka yake alikimbia na ndama mikononi, kwa sababu ndama alikuwa mdogo mno kukimbia mwenyewe. Risasi ilipita kwa kaka ikaingia kwa ndama. “Wakaanguka pamoja,” akasema, “tukashindwa kujua damu ipi ni ya nani.” Kisha akaniambia mstari wangu wa palizi umepinda, nianze upya.

Mikono yake ndiyo uliyoiona kwanza. Kutoka kiwiko mpaka kifundo ilijaa makovu ya meno. Mwanamke alipofika mahali pa kukata tamaa katika uchungu, mkunga alimpa mkono wake auume, akamwambia, “Uma, mwanangu, usilie, kilio kinakula nguvu.” Alizisoma alama zile kama mimi ninavyosoma daftari. Ukipita na mtoto wako sokoni Birongo alikuita, akafunua mkono, akaonyesha: “Huyu hapa. Mama yake ana jino moja limevunjika mbele, ona.” Yangu ilikuwa juu kidogo ya kifundo cha kulia. Aliisifu. “Msomi huyu ana taya!”

Alipiga wanawake wakati wa kuzaa. Ndiyo, nitasema hivyo hivyo. Aliwazaba makofi waliolala kabla ya wakati. Lakini mwanamume aliyempiga mwanamke mwenye mimba hakupona mikononi mwake. Jirani mmoja alimpiga mkewe teke miezi miwili kabla ya kujifungua. Mkunga alimkuta ameketi nje anapiga gumzo na wenzake, mkono umelala juu ya jiwe. Alishusha mpini wa jembe juu ya vidole vile, viwili vikavunjika. Wenzake wakaruka. “Kaeni chini,” akawaambia. “Ninamzalisha huyu. Anazaa akili.” Tulicheka mwezi mzima, na yule bwana hakuwahi tena kushika kikombe vizuri.

Basi utashangaa nikikuambia kwamba hakuweza kuchinja kuku. Mgeni akimjia, alimpa jirani kuku na kisu, yeye akaenda kukaa nyuma ya ghala, ameziba masikio. Nilimuuliza sababu. Akasema, “Kuku hajui jina lake. Nitamkumbukaje?”

Kulikuwa na jambo jingine lisiloeleweka. Mwanzilishi wa mlima wetu aliitwa Moseti. Kaburi lake lilikuwa juu kabisa, limezungushiwa mawe, na kila baada ya mavuno ya wimbi wazee walipanda kumtolea pombe. Mkunga alikuwa mke wa ukoo wa Moseti, na yeye ndiye aliyepika pombe ile, kwa siku nyingi, bila kumruhusu mtu kugusa chungu. Ilikuwa pombe bora kuliko ya arusi. Lakini hakuinywa hata tone, na wazee walipopita nayo alitema mate pembeni.

“Mbona unamtemea mwenye mlima?” nilimuuliza.

“Ninampikia,” akasema. “Nani alikwambia ninampenda?”

Na wazee wenyewe walikuwa na desturi yao. Walimwaga pombe mara mbili. Mara ya kwanza juu ya kaburi, huku wakimwita Moseti kwa sifa zake zote. Mara ya pili waliligeuzia kaburi mgongo, wakamwaga nyuma kupitia bega, bila kuita mtu. Ukiwauliza kwa nini, walisema, “Ndivyo tulivyokuta.”

Sasa fuatana nami vizuri, kwa maana hapa ndipo habari inapokuwa yangu.

Watu wa mume wangu walikaa mteremko wa chini. Watu wa Moseti, waliokaa juu, walituita abamenyi. Neno hilo kwetu lina maana ya wakaaji wa kukaribishwa, watu ambao babu yao alikuja kuomba mahali pa kulala akapewa kwa huruma. Mmenyi hana kaburi la kwanza. Akiambiwa aondoke, anaondoka. Babu wa mume wangu tuliyemjua kuwa wa kwanza aliitwa Ombui, na juu ya Ombui hapakuwa na jina jingine. Kisimani wanawake wa juu walitutania. “Nyinyi wa chini, hata moshi wenu unapanda kwetu kuomba ruhusa!” Mama mkwe wangu aliwajibu, “Na mavi yenu yanashuka kwetu bila kubisha hodi!” Tulicheka wote, tukajaza mitungi. Kwa miaka mingi ilikuwa mizaha tu.

Mizaha iliisha ilipokuja pareto, zao la maua linalouzwa kwa fedha. Mwana mkubwa wa mkunga, mtu mrefu aliyerudi kutoka vitani na koti zito la jeshi ambalo hakulivua hata juani, aliona kwamba mteremko wetu ungefaa kwa maua yale. Akaja uwanjani kwetu mchana, akasimama mbele ya mume wangu.

“Ndugu yangu, mmekaa vya kutosha,” akasema. “Baada ya mavuno mhame.”

“Tuhamie wapi?”

“Alikotoka Ombui.”

“Ombui alitoka wapi?”

“Hilo si wewe unayepaswa kuniambia?”

Mume wangu akashika panga. Siku ile walitenganishwa. Lakini wiki iliyofuata ng'ombe wetu alikutwa amekatwa mishipa ya miguu, akitambaa kwa magoti mpaka mtoni. Shemeji yangu akapanda juu na rungu, akarudi amebebwa, sikio moja halipo. Ikaamriwa kwamba wazee wa mlima wote waje uwanjani kwetu, wasikilize kila upande ukitaja ukoo wake, kisha waseme nani ni mwenye ardhi na nani mgeni. Ulijua tangu mwanzo ingekwendaje. Wao wangetaja mpaka Moseti na shoka lake. Sisi tungefika kwa Ombui tukanyamaza.

Mimi nilikuwa nimejifungua siku sita kabla. Mkunga ndiye aliyenizalisha, na katika uchungu wangu nilimsihi. “Magokoro, wewe unawajua wote. Ombui ni mtoto wa nani?” Akanipa mkono wake niume. Nikauma mpaka damu.

Siku ya wazee mtoto alianza kulia alfajiri. Alikataa ziwa. Alilia wazee walipofika, akalia walipoketi, na sauti yake ikawa kero. Mwana wa mkunga akasema kwa hasira, “Mnyamazisheni huyo mgeni mdogo!” Watu wakacheka. Ndipo mama mkwe wangu akatoka mlangoni akaita, “Mkunga! Mtoto anataka jina!”

Mwanamke hakuruhusiwa kusema katika mkutano wa wazee. Lakini mtoto anayetaka jina hangoji mkutano uishe, na hilo kila mzee alilijua. Mkunga akaingia ndani, akamchukua mwanangu mikononi mwangu, akaketi kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

“Ni wewe uliyeangukiwa na mti?” akaanza, na kumtaja jina. Mtoto akalia. “Ni wewe uliyezama na ng'ombe wako?” Mtoto akalia. Akawapanga wa kwetu mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kifo chake, akirudi nyuma, na wazee wakawa wanahesabu kwa vidole. Mwishowe akasema, “Ni wewe Ombui, uliyekufa kwa kuumwa na nyoka ukivuna wimbi?” Mtoto akazidi kulia.

Nje mwanawe akapiga makofi. “Hapo ndipo kamba yao inapoishia! Mama, umetusaidia kazi. Sasa mrudishe mtoto ndani.”

Mkunga akasimama, lakini hakurudi ndani. Alitoka mpaka katikati ya uwanja, akamwinua mwanangu mbele ya uso wake kama mtu anayezungumza na mwenzake.

“Ni wewe Kerandi?” akasema. “Ulipanda mlima huu na ndugu yako, ukawasha moto wa kwanza wa kufyeka, na ndugu yako Moseti akakupiga shoka kisogoni ukiwa umeinama kuupuliza? Ni wewe, ambaye mjane wako alikuwa na mimba, akafukuzwa mteremko wa chini, na mwanao Ombui akaitwa mtoto wa mgeni?”

Mtoto akanyamaza.

Sitakudanganya, msomaji. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa sababu ya jina, au kwa sababu ya upepo wa uwanjani uliompata usoni. Lakini alinyamaza, na watu wote waliokuwepo walisikia akinyamaza.

Mzee mmoja mwenye jicho moja, wa ukoo wa Moseti mwenyewe, akauliza kwa sauti ndogo, “Ndiyo sababu tunamwaga mara mbili?”

“Ndiyo sababu,” mkunga akasema.

“Na wewe ulijuaje?”

“Mkunga aliyemzalisha Ombui alimwambia mama wa mume wangu, alipomfundisha kazi. Naye akaniambia mimi jikoni, ameniwekea kisu shingoni, nikaapa kutomwambia mtu mzima yeyote.” Akawatazama wote. “Sijamwambia mtu mzima. Nimemwambia mtoto.”

Mwanawe alikuwa ameshainuka. Palikuwa na jembe limeegemea ukuta wetu. Alilishika karibu na bamba, akamzungushia mama yake mpini usoni. Nilisikia taya likivunjika. Mlio wake ni kama wa muwa mkavu. Mkunga alianguka kwa mgongo, na alianguka hivyo kwa makusudi, mikono ikiwa imemkumbatia mtoto wangu kifuani, bila mtoto kupata hata mchubuko. Nilimnyakua mtoto. Yale yaliyofuata niliyaona nikiwa nimemfunika kwa mwili wangu.

Mume wangu alimkata mwana wa mkunga begani, kupitia lile koti. Wakaja wa juu, wakaja wa chini. Wazee walipigwa wakijaribu kutenganisha. Nyumba ya mama mkwe ilichomwa akiwa bado anatoa vyungu. Nyumba mbili za juu zilichomwa jioni hiyo hiyo. Kijana mmoja wa ukoo wa Moseti, aliyekuwa bado hajaoa, alikatwa paja na kulala kando ya njia mpaka damu ikamwishia, akiomba maji, na sisi wanawake wa pande zote mbili tulisikia tukaogopa kwenda. Alikuwa mtu mpole. Alinisaidia mara nyingi kutwika mtungi. Jambo hilo nalibeba, wala sikuombi unipunguzie.

Mapigano yalikoma siku ya tatu, watu walipochoka. Wazee wakarudi, wawili wamefungwa vichwa kwa matambaa, wakaamua. Mteremko wa chini ni wetu, kwa haki ya moto wa Kerandi. Aliyemwua yule kijana alilazimika kutoa ng'ombe wa damu. Na wazee wa juu, walipopanda kaburini mwaka ule, waligeuka nyuma kama kawaida, lakini mara hii wakamwita mtu kwa jina.

Mwana wa mkunga alipona. Nyumba ya mama yake aliibomoa kwa mikono yake mwenyewe, nguzo baada ya nguzo. Mume wangu akamjengea mkunga nyingine mteremkoni kwetu, nami nikawa namlisha uji, kwa sababu taya liliungana vibaya na hakuweza kutafuna tena.

Namkumbuka hasa siku moja, miaka michache baadaye, karibu na mwisho wake. Wakati huo nilikuwa nafundisha wanawake kusoma, na nilikuwa na daftari jipya. Nilimwambia nataka kuandika ukoo wa mlima wote, ili watoto wasije wakauana tena kwa kutojua. Alifurahi. Tulikaa juani nje ya nyumba yake siku nne. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, yamepinda, na ilibidi arudie mara mbili mbili. Siku ya nne nikamsomea yote kutoka mwanzo, yeye akihesabu kwa vidole.

“Umeruka,” akasema.

“Nani, magokoro?”

“Wa kwanza.”

Nilikuwa nimeanza na Kerandi. Ukoo wa juu niliuanzia kwa wana wa Moseti, kama watu walioota ardhini. Nikamwambia ukweli, kwamba mkono wangu ulikataa kumwandika muuaji.

Akanipiga kiganjani. Halikuwa pigo tena, lilikuwa kama jani lililoanguka. “Moseti alifanya mambo mawili,” akasema. “Alimwua ndugu yake, kisha akamfuta. Wewe hujaua mtu. Kufuta umeshajifunza.”

Nikachukua kalamu nikamwandika Moseti, na shoka lake, na moto ambao hakuuwasha yeye.

“Sasa mwandike mwanangu.”

“Nimwandike vipi?”

“Mlimaji hodari. Baba wa watoto sita. Alimvunja mama yake taya kwa mpini wa jembe mbele ya wazee.”

“Yuko hai, magokoro. Tunaandika wafu.”

“Mwandike akiwa hai, kisha nenda umsomee. Huenda akatafuta jambo jingine la kuandikwa kabla hajafa.”

Nilikwenda. Usidhani nilikuwa jasiri. Nilimkuta katikati ya pareto yake, panga mkononi, koti lile lile, limeshonwa begani. Nikasimama mbali kidogo, nikamsomea kutoka kwa Moseti mpaka kwake. Nilipofika kwenye mpini wa jembe sikuruka, nikasoma mpaka mwisho.

Hakunisogelea. Alitazama panga lake, akalitupa nyasini, akafuta mikono kwenye koti.

“Anakula?” akauliza.

“Uji tu. Hawezi kutafuna.”

Akakaa chini kati ya maua, mtu mrefu vile, akashika kichwa. Kisha akasema, “Soma tena, mokamwana.” Neno hilo kwetu ni mke wa mwanetu, na tangu nilipoolewa hakuwahi kuniita hivyo.

Nikasoma tena.

Na wewe, msomaji wangu, fanya hivi. Chukua daftari. Nenda kwa mwanamke mzee zaidi aliyeolewa katika boma lenu, ukae naye mchana, umwombe akutajie waliotangulia, kuanzia wa jana kurudi nyuma. Andika jinsi anavyosema. Mkifika kwenye jina ambalo mtu yeyote atakuambia uliruke, liandike, kisha uliza linalofuata.